Kiraka cha Ukimya

Mkuu wa kituo aliweka faili mezani, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Kesho asubuhi huyu bwana anapelekwa mahakamani. Kesi imeiva, Inspekta. Niachie."

"Imeiva au imeungua?"

"Imeiva. Usianze."

Lakini mwanamke huyo alikwisha kuanza. Kituo kizima kilimwita Kupe, si mbele yake, la hasha, bali kwenye korido na kwenye foleni ya chai, kwa kuwa akishaganda mahali habanduki. Jina alilijua siku nyingi, na kwa siri lilimfurahisha.

Kesi yenyewe mtu angeweza kuieleza amesimama mguu mmoja. Mwalimu wa kwaya, mtunzi anayeheshimika, alikutwa Jumamosi amelala chini ya ngazi za roshani ya kanisa, shingo imevunjika. Siku hiyo kwaya yake ilikuwa inamalizia kurekodi zaburi mpya aliyoitunga. Wanakwaya waliporuhusiwa kwenda, walibaki watu watatu tu: Mwalimu mwenyewe, Fundi Sauti, aliyekuja na mashine zake, na Bezi, mwenye sauti nzito kuliko wote, ambaye alitakiwa arudie kipande anachoimba peke yake. Bezi alikuwa shemeji wa Mwalimu, mdogo wa mkewe kwa baba na mama.

Bezi alisema, "Nilitangulia mimi, nikawaacha wao wawili." Fundi Sauti alisema, "Nilitangulia mimi, nikawaacha wao wawili." Mmoja alikuwa mwongo, hilo halihitaji darubini. Tofauti ni kwamba Fundi Sauti alikuja na rekodi, na Bezi akaishia rumande.

Inspekta aliicheza tena kwenye kompyuta ya ofisi. Kwanza sauti ya Bezi ikijaza chumba, imeshuka chini kabisa kama mtu anayesukuma kabati. Zaburi hiyo haikuwa ya kupiga makofi na kuyumba. Ilikuwa ya kisasa, ya sauti nane zisizo na kinanda, zinazosuguana mpaka unataka kuziba masikio, halafu ghafla zinapatana na unajikuta umeshika kifua. Wazee wa kanisa walisema Mwalimu ameleta ugomvi madhabahuni. Inspekta, ambaye kanisani aliingia kwa harusi na mazishi, aliipenda bila kutaka.

Kisha sauti ya Mwalimu, kavu: "Umeshuka. Rudia."

Na sauti ya Bezi, kwa nguvu, kanisa zima: "Shemeji, ukiniambia nirudie tena, nitakutupa kwenye ngazi hizo!"

Baada ya hapo, kimya. Kimya kirefu kidogo, cha kukosesha raha. Halafu *klik*, mashine imezimwa.

"Umesikia mwenyewe," alisema Mkuu. "Amesema atamtupa kwenye ngazi, na mtu amekutwa chini ya ngazi. Unataka malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nipe leo tu."

"Leo mpaka jioni. Na hilo kwa sababu nimechoka kukuona hapo mlangoni."

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi mjane wa marehemu, Mama Mwalimu, mwanamke mrefu aliyejifunga khanga nyeusi. Alikuja kuchukua miwani ya mumewe. Pembeni yake wanawake wengine walishika vikapu vya chakula vya ndugu zao walioko rumande. Yeye mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mama, pole tena," alisema Inspekta, akakaa karibu naye. "Mdogo wako hajala tangu jana. Anasema chakula cha hapa hakipiti. Hujamletea kitu?"

"Sina ndugu."

Lilisemwa bila sauti kupanda, na ndiyo sababu liliuma.

"Mama, nisamehe, lazima niulize. Walikuwa wanagombana?"

"Walikuwa wanataniana. Tangu siku ya harusi yangu hawajawahi kusalimiana kama watu. 'We mzee sijui umemroga dada yangu kwa kitu gani,' 'We zezeta unanguruma kama lori.' Mdogo wangu nilimbeba mgongoni, dada, mume wangu nilimbeba moyoni. Niliwazoea wote wawili." Aliitoa miwani kwenye bahasha, akaifuta kwa ncha ya khanga ingawa ilikuwa safi. "Mume wangu akitaniwa na shemeji yake alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Kila mara. Hata msibani kwa mama yangu alicheka, ikabidi nimtoe nje. Nilipoisikia hiyo rekodi nilisubiri acheke. Hakucheka. Kwa nini anyamaze, kama hakuona kitu usoni kwa huyo mtoto?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko faili zima. Inspekta alimwonea huruma, lakini huruma isingefungua mlango wowote siku hiyo.

"Nitakuletea jibu," alisema. "Usiende mbali."

Kanisa lilikuwa tupu na baridi, la mawe, dari yake juu sana. Inspekta alipanda ngazi za mbao za roshani taratibu akikagua kila kipago, hedifoni shingoni. Koplo, kijana mnene mwenye bidii na maswali mengi, alibaki katikati ya kanisa.

"Piga kofi, Koplo."

"Afande?"

"Kofi. Moja. Mbona unanitazama kama nimekuagiza uibe sadaka?"

Koplo akapiga. Sauti ikaruka ukutani, ikapanda darini, ikazunguka, ikafifia pole pole kama mgeni asiyetaka kuondoka.

"Sasa nitukane. Kwa nguvu."

"Siwezi, Afande."

"Basi sema utanitupa kwenye ngazi."

"AFANDE, NITAKUTUPA KWENYE NGAZI!" Kanisa likairudisha: ngazi, ngazi, ngazi... Koplo mwenyewe akashtuka, akatazama msalaba kwa aibu.

Inspekta alivaa hedifoni, akacheza rekodi. Bezi alipomaliza kuimba, noti yake ya mwisho ilibaki inaelea hewani. Mwalimu aliposema "Rudia," neno likaacha mkia. Kisha Bezi: "...nitakutupa kwenye ngazi hizo!" Halafu kimya. Papo hapo. Hakuna mkia.

Alirudia. Akarudia tena.

"Koplo, njoo huku juu. Sikiliza, uniambie kama mimi ni kichaa."

Koplo alipanda akihema, akavaa hedifoni, akakunja uso. "Imekatwa, Afande. Kama mtu kafunga mlango."

"Kanisa hili halina mlango wa namna hiyo. Ukipiga kelele humu, kelele haitoki mpaka iage. Hiyo ya Bezi haikuaga. Mtu ameondoa kilichofuata, akabandika ukimya juu yake, kama kiraka kwenye suruali."

"Lakini kama ameondoa, si angeacha tupu tu?"

"Hebu sikiliza hiyo tupu yenyewe. Ongeza sauti. Bado. Sasa."

Koplo akafumba macho. "Kuna mvumo. Mdogo, wa chini. *Mmmmm.*"

"Kwenye uimbaji upo?"

Wakarudisha nyuma. Haukuwapo. Ulianza pale kimya kilipoanza, ukaisha kwenye *klik*.

"Mota ya kinanda!" alisema Koplo, amefurahi. Kinanda kikubwa cha kanisa kilikuwa nyuma yao, mabomba yake yamepanda ukutani. Waliwasha swichi. Hakikutoa hata pumzi. Koplo alifungua mlango mdogo wa nyuma, akaurudisha haraka.

"Panya, Afande. Familia nzima. Mkanda wa mota wameshaula siku nyingi."

"Haya, na wao tutawahoji wakikua."

Ndipo, wakiwa wamesimama kimya kila mmoja amechoka kivyake, wakausikia. *Mmmmm.* Ulitoka chini ya miguu yao.

Chini ya roshani kulikuwa na jiko dogo la chai, na ndani yake friji ya zamani, imevimba kama mzee wa shibe. Bibi Ufagio, msafishaji wa kanisa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, alikuwa anasuuza vikombe.

"Friji hii haizimwi, bibi?"

"Nani aizime? Maua ya altare yananyauka! Ni yule Fundi wenu tu. Akija kurekodi, kitu cha kwanza anachomoa plagi. Ati inamharibia. Nimemwambia, siku utakayosahau kuirudisha mimi na wewe hatutazikana." Akacheka kwa dharau. "Hajasahau lakini. Anafungia humo ndani funguo za gari lake, hapo juu kwenye barafu. Asipoifungua friji haendi kwao. Akitoa funguo, anarudisha plagi. Ana akili, sikatai, ila mikono yake baridi kama ya maiti."

"Na Jumamosi, ulipomkuta Mwalimu?"

Uso wa bibi ukabadilika. Aliweka kikombe chini. "Ilikuwa inavuma. Nakumbuka. Nilipiga yowe, nikanyamaza nivute pumzi, na kitu pekee kilichokuwa kinasema humu ndani kilikuwa friji."

Fundi Sauti aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili, na cha mbele ndicho kilichokuwa studio. Kuta alizitundika mablanketi mazito. Meza ilijaa nyaya zilizokunjwa vizuri, kila waya na utepe wake wa rangi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole virefu. Kwenye kona, kati ya meza na dirisha, friji yake nyeupe ilikuwa inanguruma peke yake.

"Karibu, dada Inspekta. Koplo, sogeza hiyo maikrofoni, kaa. Mna habari mpya?"

"Hapana, nimekuja kujifunza. Kesho wakili atatuuliza maswali ya kitaalamu, nami sijui hata kuwasha redio. Hiyo friji haikusumbui?"

Fundi alitabasamu. "Nikirekodi humu naizima. Nikiwa nakata na kuunga tu, naiacha. Nimekaa nayo miaka mingi, masikio yameshaizoea, hata siisikii."

"Na ile rekodi ya Bezi ulikatia hapa?"

"Sikukata kitu. Nimewapa kama ilivyotoka."

"Bila shaka. Nieleze ulivyofunga kazi Jumamosi, hatua kwa hatua. Wakili atang'ang'ania hapo."

"Ni rahisi. Bezi alipotoa yale maneno, niliona hapa kuna moto, mimi simo. Nikazima mashine pale pale. Nikakunja nyaya. Nikashuka jikoni, nikarudisha plagi ya friji, nikachukua funguo zangu, nikaondoka. Wao niliwaacha juu wanatazamana."

"Plagi inarudi kabla au baada ya kuzima mashine?"

"Baada! Siku zote." Alionekana ameguswa, kama mpishi aliyeulizwa kama ananawa mikono. "Mashine kwanza, plagi mwisho. Ukirudisha friji mashine ikiwa bado inachukua sauti, umeharibu kazi. Hata mwanafunzi hafanyi hivyo."

"Umeandika, Koplo?"

"Nimeandika, Afande."

"Basi, Fundi, naomba uzime friji yako kidogo."

Alisita. "Ya nini?"

"Koplo, chomoa."

Koplo akachomoa. Ile ngurumo ikakohoa, ikatulia. Chumba kilichojaa mablanketi kikawa kimya kabisa, kimya ambacho unasikia shati lako mwenyewe. Inspekta akamvisha Fundi hedifoni kwa mikono yake, taratibu, akaicheza rekodi tangu "Rudia."

Alimtazama usoni. Hakuhitaji kusikia. Alijua neno la mwisho la Bezi limefika pale kope za Fundi zilipotikisika, na alijua kimya kimefika pale rangi ilipomtoka. Fundi aliinua mkono polepole akashika hedifoni, akaikandamiza sikioni, kama vile ile sauti ndogo ingeweza kugeuka ikawa kitu kingine.

"*Mmmmm,*" alisema Inspekta. "Umeisikia leo, eh? Siku ile ulipokuwa unabandika, ya kwako ilikuwa inavuma hapo kwenye kona, ikaifunika ya kanisani. Mashine yako ilikuwa bado inarekodi baada ya plagi kurudi. Baada ya funguo kutoka. Umesema mwenyewe hata mwanafunzi hafanyi hivyo. Sasa niambie, fundi bingwa kama wewe ulikuwa na haraka gani mpaka ukasahau mashine imewashwa, ikabidi upande tena kuizima?"

Fundi alivua hedifoni, akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, akanyoosha waya wake.

"Ningeweza kuacha tupu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Tupu kabisa, isiyo na kitu. Lakini inasikika kama shimo. Siwezi kutoa kazi yenye shimo. Nikatafuta kimya cha kanisa lenyewe, kisicho na mtu anayepumua. Na kisicho na mtu kilikuwa kile cha mwisho tu."

"Baada ya yeye kuanguka."

Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Alikufanya nini, Fundi?"

"Aliomba kusikia ile ya asubuhi. Kwaya nzima, zaburi yote, mara moja bila kosa. Siku hiyo waliimba... dada, sijapata kusikia kitu kile. Watu walilia. Na mimi niliifuta. Kidole kiliteleza, ikafutika. Nikaunga vipande vya mazoezi nikidhani hatajua. Alijua. Bezi alikuwa ameshaondoka. Akaniambia Jumapili atasimama mbele ya kwaya awaeleze nilichofanya. Watu wanaoniita kila mahali kwa sababu ya masikio yangu! Nilimfuata kwenye ngazi nikimwomba. Nikamshika mkono, akautoa. Nikamsukuma." Alifuta uso. "Kidogo tu. Sikudhani ngazi ni ndefu vile."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimgusa kiwiko, kalamu ikaendelea.

"Na Bezi ukamtumbukiza. Mtu aliyekuaga salama."

Hasira ilimpanda Inspekta mpaka masikioni, hasira safi. Alikumbuka mikono mitupu kwenye benchi. Hasira hiyo ikamsimamisha.

"Ulichokata kiko wapi? Usiniambie umekifuta."

Kwa mara ya kwanza Fundi alimtazama machoni, na alicheka kicheko kibaya kisicho na furaha. "Tangu ile ya asubuhi sifuti kitu. Nilijaribu. Kidole kinakataa." Akavuta droo, akatoa kadi ndogo, nyeusi, ikiwa ndani ya kibweta chake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jioni Mkuu wa kituo alisikiliza kadi yote akiwa amesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka mlio wa mbao na yowe fupi, na kelele za mtu anayekimbia, na plagi, na friji. Hakusema kwamba amekosea. Alisema, "Mweke ndani huyo wa studio," na kwa Mkuu hayo yalikuwa maungamo.

Mama Mwalimu bado alikuwa kwenye benchi. Wenye vikapu walikwisha kwenda. Inspekta alimwingiza kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akamkalisha kwenye kiti kizuri.

"Mama, nitakuchezea kipande kifupi. Kilichofuata sitakuchezea, wala usiniombe. Hiki tu."

Mama Mwalimu alivaa hedifoni juu ya kilemba. Mikono yake ilishika miwani ya mumewe mapajani.

"Umeshuka. Rudia."

"Shemeji, ukiniambia nirudie tena, nitakutupa kwenye ngazi hizo!"

Na hapo, juu ya mkia wa neno, kabla kanisa halijamaliza kulirudisha, Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko kinene, cha mtu anayeshika ubavu, kikaruka ukutani kikarudi kimekuwa vicheko vitatu. Bezi naye akashindwa kujizuia. "We zezeta," Mwalimu alikuwa anasema, anatafuta pumzi, "nenda zako nyumbani, nenda, umeshaniua mbavu. Mwambie dada yako nachelewa kidogo." Nyayo nzito zikashuka. Mlango wa chini ukafunguka, ukafungwa. Mwalimu alikuwa bado anacheka peke yake.

Inspekta akazima.

Mama Mwalimu hakulia mara moja. Midomo yake ilitikisika, ikawa kama inataka kucheka pamoja naye, ikashindwa. Alipovua hedifoni machozi yalikuwa yanadondoka kwenye vioo vya miwani na hakuyafuta.

"Alinitumia salamu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikasema sina ndugu." Alisimama, akajifunga khanga kiunoni kwa nguvu, kama mwanamke anayeingia jikoni wageni wakiwa wameshafika. Sauti ilipomtoka ilikuwa imekatika katikati. "Mmesema tangu jana hajala?"

"Hajala."

"Hapo nje kuna mahali wanauza chakula cha moto? Mdogo wangu hali kilichopoa."